Linux na Windows kwenye storeji moja: namna ya kupanga mayuza na ruhusa za mafaili zisigombane

Kama una storeji ya mtandao inayotumika na mashine za Windows kupitia SMB na mashine za Linux kupitia NFS (hizi ni protokoli, yaani njia za kushea mafaili kwenye mtandao), kwa pamoja, kwenye folda zilezile, basi hii kitu ushakutana nayo au uko njiani kukutana nayo: mtu anafungua faili freshi tu akiwa Windows, akihamia Linux anaambiwa Permission denied, au kinyume chake. Na kuna ile mbaya zaidi ambayo hakuna anayelalamika, yaani mtu asiyetakiwa kuona faili analiona na amekaa kimya. Wengi wakifika hapo wanapiga `chmod 777` (amri ya Linux inayompa kila mtu ruhusa zote) alafu maisha yanaendelea. Usifanye hivo, na huko mbele utaona kwamba kuna wakati hata hiyo 777 yenyewe haifanyi kitu.

Cha kushika kwanza, maana mengine yote yanatoka hapa: kwenye storeji nyingi za aina hii protokoli ni mbili ila faili moja kwa wakati mmoja lina aina moja tu ya ruhusa inayohesabika, ama za Unix ama za Windows. Anayekuja na utambulisho wa upande mwingine lazima atafsiriwe kwanza ndo ruhusa ziangaliwe. Kwa hiyo kila ukipata shida jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu huu: huyu mtu ni nani kwa macho ya seva, ametafsiriwa kuwa nani upande wa pili, na faili lenyewe linatumia ruhusa za aina gani. Ukiruka la kwanza ukaenda moja kwa moja kubadilisha ruhusa utazunguka siku nzima.

Seva inakuonaje

Upande wa Linux wewe ni namba. Una UID yako (namba ya yuza), una GID (namba ya kundi) ya kundi lako kuu, na una makundi mengine ya ziada. Jina ni la kuonyesha tu, diskini inakaa namba. Upande wa Windows wewe ni SID, yaani kitambulisho cha usalama, ile ndefu inayoanza na S-1-5-21 na kuishia na namba inayoitwa RID, ambapo kwa mfano 500 ni Administrator na 513 ni Domain Users. Vitu hivi viwili havijuani kabisa, hakuna fomula ya asili inayosema SID fulani ni UID fulani, lazima mtu au programu iamue.

Anza kwa kuangalia pande zote mbili. Windows fungua CMD andika `whoami /all`, utaona SID yako na makundi yote. Linux andika `id`, na ukiwa kwenye folda iliyomauntiwa (iliyounganishwa kutoka seva) andika `ls -ln` badala ya `ls -l`, hiyo n inakuonyesha namba zenyewe bila kupambwa na majina. Watu wanadharau hii ila ndo inayotatua nusu ya kesi, kwa sababu unaweza ukaona jina lilelile kwenye mashine mbili kumbe huku ni 1001 kule ni 1004, na kwa seva hao ni watu wawili tofauti.

Sasa kuna jambo la NFS ambalo lazima uliseme kwa bosi wako kabla hajakuuliza. NFS ya kawaida, ile ya `sec=sys`, haithibitishi mtu yeyote. Mashine ya Linux inamwambia seva "mimi ni UID 1005, niko kwenye makundi haya" na seva inaamini, ni sawa na mlinzi wa getini anayekuuliza jina tu na kukufungulia. Hakuna paswadi inayopita hapo. Ndo maana `root_squash` peke yake haikulindi kama wengi wanavyodhani: ni kweli inamgeuza root (yuza mkuu wa Linux) kuwa nobody, yaani mtu asiye na haki, kawaida 65534, lakini mwenye root kwenye laptop yake anatengeneza yuza wa UID 1005 anaingia kama yeye, basi, amesoma mafaili ya 1005 yote. SMB haiko hivyo, kule mtu anathibitishwa kwa Kerberos au NTLM (mifumo ya kuthibitisha watu) kabla ya kikao kuanza. Kwa hiyo folda inayofikiwa kwa njia zote mbili usalama wake ni ule wa mlango dhaifu, hata kama upande wa Windows umeweka ruhusa kali namna gani.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, kwenye sheria za ekspoti (zinazosema mashine zipi zifikie folda kwa NFS) usiandike nyota, yaani mashine yoyote. Andika IP za mashine unazozijua, zile ambazo root ni wewe mwenyewe na sio kila mtu, na laptop za watu zipitie SMB. Ya pili ndo dawa yenyewe, Kerberos kwenye NFS: `sec=krb5` inathibitisha mtu, `krb5i` inaongeza ulinzi ili data isichezewe njiani, `krb5p` inasimba kila kitu. Kama una Active Directory (AD, saraka ya Microsoft ya mayuza na makundi) tayari basi nusu ya kazi imefanyika maana yenyewe ni Kerberos. Angalia saa tu, kwa kawaida Kerberos inavumilia tofauti ya dakika 5, ikizidi hapo inakataa, na ujumbe wa kosa utakaouona wakati wa kumaunti mara nyingi hautataja saa. Weka NTP (huduma ya kusawazisha saa) kila mahali kabla hujaanza.

Makundi 16

Hii nimeipa sehemu yake kwa sababu inachanganya watu wenye uzoefu kabisa. `sec=sys` inabeba makundi ya ziada yasiyozidi 16. Ndivyo protokoli ilivyoandikwa, sio bagi ya seva yako. Mtu akiwa kwenye makundi 23, yale yaliyobaki yanakatwa kimyakimya, hakuna ujumbe, hakuna logi kwenye klaienti. Matokeo yake unakuta mfanyakazi mpya anaingia folda bila shida na yule mkongwe, aliyeongezwa kwenye kila kundi tangu kampuni ianze, ndo anakataliwa. Ukicheki `id` yake kundi lipo. Ukicheki ruhusa za folda ziko sawa. Unaanza kutukana kompyuta.

Suluhisho ni kumwambia seva isiamini orodha ya klaienti, iende yenyewe kutafuta makundi ya huyo UID kwenye LDAP (saraka ya mayuza ya mtandaoni) au AD. Kwa seva ya Linux ni `manage-gids=y` chini ya `[mountd]` kwenye `/etc/nfs.conf`. Kwa NetApp ONTAP (mfumo wa storeji wa kampuni ya NetApp) kuna opsheni ya `-auth-sys-extended-groups`, ukiiwasha kikomo kinaweza kupandishwa hadi makundi 1024. Ila kumbuka ukishafanya hivyo seva lazima iwe na uwezo wa kumjua kila UID, LDAP ikizima na makundi yanapotea, kwa hiyo ipe zaidi ya seva moja ya LDAP ya kuuliza.

Kutafsiri mayuza

Hapa ndo moyo wa kazi. Kanuni yangu ni moja tu: jina la mtu liwe lilelile pande zote mbili, na UID yake ikae sehemu moja tu. Ukifanikisha hilo, sheria za kutafsiri utaandika chache sana au hutaandika kabisa. ONTAP kwa mfano, kama hujaandika sheria yoyote, inachukua `KAMPUNI\Asha`, inashusha herufi, inatafuta yuza wa Unix anayeitwa `asha`. Akipatikana imeisha hiyo. Herufi ndogo ni muhimu kwa sababu Linux inatofautisha Asha na asha wakati Windows haijali.

Sehemu nzuri ya kuweka UID ni Active Directory yenyewe, kwenye atributi za `uidNumber` na `gidNumber`. Zile zana za zamani za Unix ndani ya AD Microsoft waliziondoa kuanzia Windows Server 2016, watu wakadhani na atributi zimekufa, hapana, zipo, unazijaza kupitia tabu ya Attribute Editor au kwa PowerShell. Alafu storeji na mashine zote za Linux zinasoma hapohapo, na 1005 inakuwa 1005 kila mahali.

Ukitumia Samba (programu inayoifanya seva ya Linux itoe SMB) una machaguo ya bakiendi, yaani njia ya kupata UID, na hapa usikurupuke. Bakiendi ya `ad` inasoma hizo atributi nilizotaja. Bakiendi ya `rid` inakokotoa: inachukua RID inajumlisha na namba ya mwanzo wa renji, kwa hiyo seva kumi zenye renji ileile zitatoa UID ileile bila kuulizana. Bakiendi ya `tdb` inagawa namba kwa kufuata nani amefika kwanza na inaziweka kwenye faili lake la ndani, maana yake seva mbili zitatoa namba tofauti kwa mtu mmoja, na ukipoteza faili hilo umepoteza wenye mafaili. `tdb` iachie ile domeini ya nyota tu, hivi:

```
idmap config * : backend = tdb
idmap config * : range = 3000-7999
idmap config KAMPUNI : backend = rid
idmap config KAMPUNI : range = 10000-999999
```

Renji zisigongane, na zisiguse namba za mayuza wa ndani wa Linux. Ukishaanza kuandika data usibadilishe renji tena kamwe, mafaili yote yatabaki na namba za zamani na wenyewe watakuwa na namba mpya. Kuhakikisha tumia `wbinfo -n 'KAMPUNI\asha'` kupata SID, alafu `wbinfo -S` ikifuatiwa na hiyo SID kupata UID, fanya kwenye kila seva ulinganishe.

Kuna suala la yule asiyetafsirika. ONTAP ina yuza wa akiba upande wa Unix anayeitwa `pcuser`, mtu wa Windows asiye na mwenzake Unix anageuzwa kuwa huyo. Watu wanaizima wakidhani wanaongeza usalama, alafu ghafla wafanyakazi hawaingii hata kwenye folda za Windows tupu, kwa sababu ONTAP inataka kila anayekuja kwa SMB awe na sura ya Unix hata kama ruhusa za folda ni za Windows. Mimi ningemwacha `pcuser` ila nihakikishe hamiliki chochote na hakuna folda ya maana iliyo wazi kwa "wengine". Upande wa pili, yuza wa akiba wa Windows kwa watu wa Unix, mwache mtupu kama alivyo. Ukimweka pale kila UID usiyoijua inapewa ruhusa zake, na kumbuka tulishasema UID inaweza kutajwa na yeyote. Na kamwe usitafsiri akaunti ya root kuwa admini wa domeini kwa ajili ya kurahisisha kazi.

Chagua lugha moja ya ruhusa kwa kila voliumu

Voliumu ni sehemu ya storeji iliyotengwa. Kwenye ONTAP lugha yake ya ruhusa inaitwa security style, na machaguo ya kawaida ni `unix`, `ntfs` na `mixed`. Jina la mixed linavutia, mtu anasema sisi tuna Linux na Windows basi sisi ni mixed. Hapana. Voliumu ya unix inafikika kwa SMB na voliumu ya ntfs inafikika kwa NFS, zote mbili, ni suala la nani anaruhusiwa kupanga ruhusa. Mixed maana yake aliyebadilisha ruhusa mwisho ndo anaamua aina, faili kwa faili. Admini wa Windows amekaa asubuhi amepanga ACL zake (orodha za ruhusa) vizuri, jioni skripti ya Linux inapita na `chmod -R`, ACL zote zimefutika, faili zimekuwa za unix, na hakuna aliyekosea kwa mujibu wa mfumo. Ziache voliumu za mixed isipokuwa programu fulani inakulazimisha, na iwe imeandikwa kwenye maelekezo ya programu hiyo.

Chagua kwa kuuliza nani anasimamia ruhusa kila siku. Kama ni watu wa ofisi, wanabofya kulia wanaingia Security, wanaongeza kundi, basi `ntfs`. Kama ni kazi za usiku, skripti, mashine za kukokotoa, basi `unix`. Ukichagua ntfs, yule wa Linux akijaribu `chmod` anapata Operation not permitted, na hapo ndo 777 inapogonga mwamba. Kuna programu zinakufa zikiona hilo kosa, hasa za kufungua kumbukumbu za tar au rsync iliyowekewa opsheni ya kuhifadhi ruhusa, kwa hizo unaweza kuweka `-ntfs-unix-security-ops ignore` ili ONTAP ijifanye imekubali bila kubadilisha kitu. Na zile rwx unazoziona kwa `ls` kwenye voliumu ya ntfs ni makadirio tu, usizitumie kuamua nani anaingia.

Samba iko tofauti kidogo. Ukiweka `vfs objects = acl_xattr`, ACL ya Windows inahifadhiwa pembeni kwenye atributi ya ziada ya faili na Samba inaiheshimu, ila anayekuja kwa NFS hapiti kwa Samba, yeye anakutana na kernel (kiini cha Linux) inayosoma ruhusa za kawaida za Linux. Kwa hiyo unaweza kuweka Deny kupitia Windows na mtu wa NFS akapita kana kwamba hakuna kitu. Kwenye seva ya namna hiyo panga ruhusa kwa makundi ya Linux, folda iwe `2770` ili mafaili mapya yarithi kundi, na Samba ifuate.

Tofauti nyingine zinazoshtua watu wakihama upande. Windows inajumlisha, uko kundi A na B unapata za wote, Deny ikitangulia. Ruhusa za Unix hazijumlishi: ukiwa mwenye faili zinaangaliwa za mwenyewe tu, hata kama kundi lako lina zaidi. Faili lenye `070` mwenyewe haingii na wenzake wa kundi wanaingia. Kufuta nako, Unix inaangalia kama unaweza kuandika kwenye folda, sio kwenye faili, wakati Windows inakubali ukiwa na haki ya kufuta kwenye faili lenyewe au haki ya kufuta vilivyomo kwenye folda ya juu. Na ukihamisha faili ndani ya voliumu moja kwa Windows mara nyingi linabaki na ACL lililotoka nazo, ukikopi linarithi za folda mpya, ndo maana faili la siri linaweza kuhamishiwa folda ya siri na bado likawa wazi.

Kujaribu, na nini cha kufanya ikigoma

Usijaribu ukiwa admini au root, hutaona kitu. Tengeneza akaunti ya kawaida, iweke kwenye kundi husika, jaribu kusoma, kuandika, kubadilisha jina, kufuta, kwa SMB na kwa NFS. Alafu jaribu na akaunti isiyo kwenye kundi, hii ndo watu wanasahau na ndo ya maana.

Ikigoma, nenda kwa mpangilio. Kwanza mlango wa mtandao (port): 445 kwa SMB, 2049 kwa NFS, na NFSv3 inataka pia 111 na wenzake. Kama maunti yenyewe inakataa tatizo ni sheria za ekspoti au sec isiyolingana, achana na ruhusa za faili kwanza. Pili utambulisho, na hapa uliza storeji yenyewe sio klaienti. ONTAP ni `vserver services access-check authentication show-creds` na jina la mtu, PowerScale (storeji ya Dell) ni `isi auth mapping token`, zote zinakuonyesha mtu ametafsiriwa kuwa nani na ana makundi gani. Tatu faili: `vserver security file-directory show` inakuambia aina ya ruhusa na ACL halisi, `icacls` kwa Windows, `nfs4_getfacl` kwa NFSv4. Usisahau ruhusa za shea yenyewe, SMB inapita vichujio viwili na ile kali ndo inashinda.

Ukiona kila faili ni la nobody kwenye NFSv4, kwa kawaida jina la domeini kwenye `/etc/idmapd.conf` halifanani na la seva. Lisawazishe, piga `nfsidmap -c`, maunti upya.

Alafu keshi, yaani kumbukumbu za muda. Umemwongeza mtu kwenye kundi, kila kitu kiko sawa, bado anakataliwa. Windows inakusanya makundi wakati wa kuingia, kwa hiyo atoke aingie tena, kufunga folda na kuifungua haisaidii. Kwa NFS, ONTAP kwa chaguo-msingi inakumbuka utambulisho uliofanikiwa kwa saa 1 kuanzia toleo la 9.10.1 (matoleo ya zamani ni saa 24) na ulioshindikana kwa saa 2. Samba ni `net cache flush`. Na usisahau kwamba keshi inafanya kazi upande wa pili pia: ukimwondoa mtu kwenye kundi kwa sababu za kiusalama, bado anaweza kuwa ndani kwa masaa, kwa hiyo kata vikao vyake vya SMB na safisha keshi hapohapo.

SMB1 zima, hilo halina mjadala tangu WannaCry ya 2017. Kama kuna skana ya zamani inayoitaka ipe seva yake kando, sio storeji kuu.

Mtu akiondoka kazini funga akaunti yake lakini UID yake usimpe mwingine. Mafaili yanamilikiwa na namba, ukimpa mgeni 1005 amerithi kila kitu cha aliyetangulia bila mtu yeyote kujua. Kila baada ya muda, kutoka mashine ya Linux inayosoma majina kwenye AD, piga `find /mnt/data -xdev -nouser` kama root, ila kama ekspoti ina root_squash folda nyingine zitakugomea, kwa hiyo ipe mashine hiyo moja ekspoti yake isiyo na squash. Itakuletea mafaili yote ambayo namba zake hazina mtu, uamue ni ya nani sasa kabla hujagawa namba nyingine.